Mwinjilisti Tuliyemng'ang'ania

Hakuwahi kuwa na sauti ya kuimba, na nalisema hilo mapema ili mtu asidhani ninamsifu kwa sababu amekufa. Hajafa. Yuko Dandora, anakunywa chai yake ya rangi, na akisikia nimemwandika atataka kujua kwa nini sikumwuliza kwanza. Sisi tulimwita Mwinjilisti. Katika miaka yote niliyomjua sijasikia mtu akimwita kwa jina lake. Hata kinyozi wa pale kona alimwita Mwinjilisti, na yeye kinyozi ni Mwislamu.

Kanisa letu liko nyuma ya mtaa, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Jogoo. Mchungaji wetu ana makanisa matano, kwa hivyo sisi humwona Jumapili moja katika tano, na hiyo ni kama hakujatokea mazishi kwingine. Siku zote zilizobaki zilikuwa za Mwinjilisti. Yeye ndiye aliyehubiri, akatembelea wagonjwa, akafundisha watoto wa kipaimara, akaketi na mume na mke waliokuwa wamerushiana vyombo. Lakini hakuwa amewekewa mikono. Hakuruhusiwa kubatiza, kufungisha ndoa, wala kushika kikombe cha Meza ya Bwana. Alitaka kitu kimoja tu maishani, kwenda chuo cha theolojia arudi akiwa mchungaji. Na watu waliomzuia tulikuwa sisi wazee wa baraza, mimi nikiwemo, katibu wa kanisa na mshonaji wa mikoba ya ngozi pale Kariokor. Tulimzuia kwa sababu tulimpenda. Sisemi hivyo kujitetea.

Wacha kwanza nieleze kwa nini tulimpenda, maana bila hivyo mtatuona tulikuwa wabaya tu.

Kanisa letu lina watu wa mkoa wa Central na watu wa mkoa wa Western, na ukitaka kujua nani ni nani, angalia wanavyokaa. Hakuna aliyepanga. Wa Central huketi upande wa mlango, wa Western upande wa dirisha, na katikati ni wale wanaochelewa. Siku moja tulikuwa na matanga ya mzee mmoja aliyependwa na wote. Akina mama wa pande zote mbili walifika na sufuria zao, wakaketi, kila kundi likingoja lingine liwashe moto kwanza, kwa sababu kwetu anayewasha moto ndiye anayeosha vyombo. Saa tano, saa sita, hakuna moto. Waombolezaji wanaingia, wanasalimia, wanatazama mafiga, wanatoka. Mwinjilisti akavua koti, akakunja mikono ya shati, akawasha moto mwenyewe na kusonga ugali.

Ugali ule, jamani. Chini umeungua, katikati ni unga mkavu. Mama mmoja wa Western akauonja na kusema, "Huyu anataka kutuzika kabla ya marehemu." Mama wa Central akaenda akamnyang'anya mwiko. Kufikia saa nane walikuwa wakipika pamoja na kumteta pamoja, na mpaka leo wanapika pamoja. Yeye alisema alifanya makusudi. Mimi sikuamini hata kidogo, kwa sababu nilimwona akiuonja, na aliuonja kwa furaha.

Alikuwa mwongo, na hili nalo liandikwe. Mwenyekiti wetu ni fundi wa kuchomelea, mtu wa Western, mrefu, mwenye neno zito. Mweka hazina ni mama wa Central anayeuza viazi kwa jumla, na neno lake si jepesi pia. Walipokosana juu ya nani asome orodha ya matangazo, Mwinjilisti alimwendea mwenyekiti akamwambia, "Yule mama anakuombea kila asubuhi, hata anakutaja kwa jina." Halafu akamwendea mama akamwambia vivyo hivyo. Wote wawili walinijia mmoja mmoja, wameguswa, wananiambia hawakujua mwenzao ana roho kama hiyo. Nilimwuliza Mwinjilisti kama hakuona ni dhambi. Akasema, "Sasa si wanaombeana? Basi imekuwa kweli."

Kila jambo gumu alilijibu kwa maneno yaleyale: "Hilo tuliwekee Jumatatu." Jumatatu ikifika alikuwa amesahau, au alijifanya amesahau, na mara nyingi wale waliokuja na jambo walikuwa wamesahau pia. Kuna kijana wa Dandora aliyekuja na vijana wetu akaimba zaburi kwa kufoka, kwa Sheng tupu, lugha ya vijana wa mtaani, na wazee nusura wamtoe nje. Tuliwekee Jumatatu. Kabla ya Jumatatu watoto wote wa mtaa walikuwa wakiiimba ile zaburi kwenye ngazi, na hakuna mzee aliyekuwa na uso wa kuwakataza watoto zaburi. Yeye mwenyewe alijaribu Sheng pia. Alikuwa akiwasalimia vijana, "Niaje wasee," kwa sauti ileile aliyosomea amri kumi, na wao walimpenda kwa hilo hilo.

Lakini hakuwa rahisi kuishi naye. Alilalamika amechoka, kila wiki amechoka, mgongo, magoti, kichwa. Nikaona nimhurumie. Nikatafuta watu watatu wa kumgawia kazi: mmoja wa wagonjwa, mmoja wa kipaimara, mmoja wa kufungua kanisa na kupanga viti. Alishukuru sana, hata akatuombea. Jumamosi ile nilimkuta kanisani peke yake akipanga viti upya, vilevile vilivyokuwa vimepangwa. Yule wa wagonjwa alifika kwa mgonjwa akakuta Mwinjilisti ameketi kitandani anamenya chungwa. Baada ya mwezi wote watatu waliniambia, Katibu, huyu mtu hataki msaada, anataka kulalamika. Nilikasirika sana. Nilimwambia hivyo usoni. Akacheka, akasema nina hasira za mtu anayechoma ngozi kwa sindano mchana kutwa.

Kitu kilichoniuma ni kitambaa. Jumapili ya Meza ya Bwana, Mwinjilisti aliamka mapema, akaosha vikombe vidogo kimoja kimoja, akavifuta, akavipanga kwenye sinia, akamimina divai, akakata mkate, akafunika vyote kwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe. Halafu alisimama mlangoni kumngoja mchungaji. Mara nyingi mchungaji alikuja. Lakini kuna siku simu ililia: kuna mazishi kanisa lingine, au gari limeharibika, au kikao cha jimbo kimerefuka. Mwinjilisti alikuwa akisema, "Sawa, Mchungaji. Hakuna neno, Mchungaji." Halafu alirudi mezani, mbele ya watu wote, akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akabeba sinia kurudi jikoni. Watu waliojiandaa, wengine waliopatana na majirani jana yake ili waweze kushiriki, walirudi nyumbani hivyo hivyo. Hata siku mchungaji alipofika kubatiza, Mwinjilisti alisimama nyuma ya bega lake akimnong'oneza majina ya watoto. Wale watoto aliwajua tangu mimba. Akanong'ona, mwenzake akatamka.

Sasa nifike kwenye barua.

Kwetu mtu hawezi kwenda chuo bila barua ya kanisa lake. Yeye anaandika ombi, baraza la wazee linaandika barua ya kumpendekeza, na barua inatiwa sahihi tatu: mwenyekiti, mweka hazina, katibu. Bila sahihi hizo, ofisi ya jimbo haifungui hata bahasha. Chuo kina kikomo cha umri, na Mwinjilisti alipoleta ombi lake la kwanza alikuwa bado na miaka kadhaa mbele yake.

Tulikutana baada ya ibada. Yeye hakuwepo, desturi ni mwenye ombi atoke nje. Nilikuwa nimeandika barua vizuri, ukurasa mzima. Mwenyekiti akaisoma, akaiweka chini, akasema, "Kila neno hapa ni kweli. Na ndiyo sababu siwezi kutia sahihi. Huyu akienda miaka mitatu, watatuletea nani? Na akimaliza, unadhani watamrudisha kwetu? Watampeleka huko mbali, sisi tubaki na viti." Mweka hazina, ambaye hakuwahi kukubaliana na mwenyekiti hata juu ya dirisha lipi lifunguliwe, akasema, "Leo umesema." Wote wawili wakanitazama. Nikafikiria sufuria zile za matanga, nikafikiria pande mbili za viti bila mtu katikati, nikaogopa. Nikasema, basi tungoje kidogo. Tukafunga kwa sala ya kumshukuru Mungu kwa ajili yake, sala ndefu, na nilikunja barua nikaitia mkobani. Yeye alikuwa nje anaongea na watoto. Akaniuliza kwa macho. Nikamwambia, "Inashughulikiwa."

Mwaka uliofuata akaleta ombi la pili. Tukafanya vilevile. La tatu alilileta akiwa amebakiza miezi kabla ya kikomo. Nikalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Barua zote tatu nilizihifadhi kwenye kabati la nyumbani, chini ya vitambaa vya meza. Sikuzichana. Sijui kama nilidhani kutozichana kunanipunguzia kosa.

Halafu ikaja zamu ya mama yangu.

Mama alikuwa akikaa nami, na ugonjwa ulipomshinda daktari alituambia turudi naye nyumbani. Siku moja asubuhi akaniambia anataka Meza ya Bwana. Hakuomba kitu kingine, hata maji. Nikampigia mchungaji simu. Alikuwa kwenye kikao upande wa pili wa mji, akaniahidi Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumanne. Nikampigia Mwinjilisti, akaja kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na hakungoja. Akaketi karibu na kitanda, akasoma, akaimba kwa sauti yake ile mbaya. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwuliza, "Umekuja na kikombe?"

"Mama, sina ruhusa."

Mama akageukia ukuta.

Nilimfuata Mwinjilisti nje kwenye korido, majirani wakisikia, na nikamwambia neno ambalo ningelipa chochote nilirudishe. Nilimwambia, "Kama huwezi hata kumpa mama yangu kikombe, basi wewe ni wa nini?"

Hakukasirika. Akasema, "Hata mimi najiuliza hivyo." Kisha akarudi ndani, akaketi tena, akakaa mpaka saa kumi jioni, akimpangusa mama jasho. Nami nilikuwa jikoni, nimeegemea kabati, lile lile lenye barua zake tatu. Mama alifariki Alhamisi. Mchungaji alikuja Ijumaa kama alivyoahidi.

Baada ya hapo sikumwambia kitu juu ya siku ile, wala yeye hakuniambia kitu. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi. Nilimshonea mkoba wa kubebea Biblia, akaukataa, akasema mfuko wake wa karatasi bado mzima. Nilijua nilichokuwa najaribu kukifanya na nadhani yeye pia alijua.

Umri wake wa kustaafu ulipofika, tulimnunulia suti na kiti cha kupumzikia, tukalia sana, kila mtu akasema hakutakuwa na mwingine kama yeye. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kanisa, kwa hivyo akahama wiki ileile. Mahali pake akaja mama mmoja anayefanya kazi kiwanda cha nguo huko Industrial Area. Akitoka kiwandani jioni anaanza kutembelea wagonjwa, na Jumapili anahubiri. Nilitegemea atashindwa. Hakushindwa. Wa mlangoni wanampenda, wa dirishani wanampenda, na mwaka huu ameleta ombi lake la kwenda chuo. Ana miaka miwili kabla ya kikomo.

Jumapili iliyopita baraza lilikutana. Mwenyekiti ni yuleyule, mweka hazina ni yuleyule, nami ni mimi. Sitarudia maneno yaliyosemwa kwa sababu mmeshayasoma. Hata sala ya mwisho ilikuwa ndefu vilevile. Ofisi ya jimbo inapokea barua mpaka Ijumaa saa saba. Niliitia ile barua mkobani bila sahihi hata moja, na usingizi ukanikataa siku mbili.

Jana nilifunga kibanda changu mapema nikaenda Dandora. Nilimkuta Mwinjilisti ameketi nje ya chumba chake, anachambua mboga. Amekonda. Miwani yake imebaki na mkono mmoja, mwingine amefunga uzi. Akaniambia, "Katibu, hujambo. Umekonda." Nikaketi kwenye ndoo na sikumaliza hata salamu.

"Mwinjilisti, kuna kitu sijawahi kukuambia. Zile barua zako..."

"Hazikwenda," akasema, na akaendelea kuchambua mboga.

Nikamwuliza amejuaje. Akasema ule mwaka wa pili alienda mwenyewe mpaka ofisi ya jimbo, akavaa tai, akamwuliza karani. Karani akafungua faili na kumwambia, mzee, kutoka kwenu hakujaletwa kitu.

"Na ukanyamaza? Miaka yote hii?"

"Niliogopa nikiwauliza, mtatia sahihi."

Nilidhani sikumwelewa.

"Kule chuoni ningekuwa mzee wa kuketi nyuma ya darasa," akasema. "Watoto wananishinda Kiingereza, hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Kwenu nikikohoa tu mnaniletea dawa tatu. Nilipenda, Katibu. Nikawaacha mnifungie, halafu nikawa napiga magoti namwomba Mungu anifungulie. Ombi la tatu nililileta nikijua litafika wapi." Akaweka kisu chini. "Lakini ile siku ya mama yako... Ile siku niliwachukia ninyi nyote, na wa kwanza nilikuwa mimi."

Nikalia. Sikujificha, na yeye hakuninyamazisha. Alienda ndani akaleta chai, akangoja mpaka nimalize kupenga kamasi. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Na huyu mama wa kiwandani? Nasikia naye ameomba."

"Ameomba."

"Wazee wamesemaje?"

Nikaukumbatia mkoba wangu. Akafuta mikono kwa suruali.

"Barua iko wapi?"

"Iko hapa."

Akanyoosha mkono. Nikaitoa nikampa. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, na mahali nilipoandika kwamba kanisa litampoteza mtu wa maana alirudia mara mbili. Kisha akaniwekea karatasi kwenye magoti yangu, juu ya mkoba, na kidole chake akakiweka pale panapoandikwa katibu.

"Mimi si wa baraza tena," akasema. "Sina la kukuambia." Lakini hakuondoa kidole.

Nikamwuliza, "Akienda, nani atatushikilia?"

"Sijui, Katibu. Labda hakuna mtu."

Nilikuwa nimetegemea anitulize, aniambie Mungu atafungua njia, kama alivyowaambia watu miaka yote. Hakuniambia. Nikatoa kalamu nikatia sahihi kando ya kidole chake. Ndipo akakiondoa, akarudi kwenye mboga zake.

Zimebaki sahihi mbili. Leo Jumatano asubuhi mweka hazina amenikatia simu mara nne. Mwenyekiti nimemfuata kwenye karakana yake hapa Makadara, na vijana wake wa kazi wameniambia amekwenda kula chakula cha mchana. Sasa ni saa tisa na nusu. Wameniletea kiti, kisha mmoja wao akaja kuniambia kwa adabu kwamba mzee huenda asirudi leo. Nimemwambia nitamngoja.